Anti, baridi imeingia, tufungue waini gani?

Mwezi huu maswali mengi yametoka milimani, Kabale, Kisoro, Kapchorwa, hata Fort Portal, na naelewa kwa nini, maana Juni ikishaingia, hasa kule kusini-magharibi, mvua inakatika, anga la usiku linabaki wazi na joto lote la mchana linapaa, Kabale pale juu karibu mita 2,000 usiku unashuka mpaka nyuzi 10 hivi na mtu hatoki tena bila sweta. Ndo wakati watu wanajifungia ndani, viazi viko jikoni, alafu mmoja anasema jamani leo tufungue chupa. Mimi nilimimina waini hotelini miaka tisa kabla sijaanza kuandika hapa, haya maswali nayapenda kuliko yote. Nimechukua saba.

Shikamoo Anti. Sisi ni walimu wanne hapa Kabale, Jumamosi tunachanga elfu ishirini ishirini tukae ndani na waini. Shida ni rafu ya supamaketi, majina mengi, tunaishia kuchukua chupa yenye lebo nzuri na mara nyingi tunajuta. Elfu 80 tuchague vipi? – Mwalimu, Kabale

Marahaba mwalimu. Kwanza sahau lebo nzuri, picha ya farasi au ya jumba haisemi chochote kuhusu kilichomo ndani. Angalia vitu vitatu vidogo ambavyo watu wanavipita.

Cha kwanza ni neno la sukari, kama ni drai (isiyo tamu), semi-swiiti au swiiti. Hapo ndo majuto mengi yanaanzia, mtu anataka tamu anabeba drai, au anataka ya kula na nyama anabeba swiiti inayomshinda kwenye glasi ya pili. Kaeni mkubaliane kabla hamjatoka nyumbani, na msimwonee aibu anayetaka tamu, ulimi ni wake.

Cha pili ni zabibu na mahali. Waini nyingi za bei yetu hapa Uganda zinatoka Afrika Kusini, na wale wana sheria inayosaidia mnunuzi: chupa ikiandikwa jina la zabibu moja, lazima angalau asilimia 85 ya kilichomo iwe zabibu hiyo. Tena tangu 1973 wana mpango wao wa kuthibitisha waini imetoka wapi, na chupa nyingi zilizopita zinabandikwa kastika kadogo shingoni, igeuze utakaona. Kwa hiyo chupa inayosema Merlot, ina mwaka, ina jina la eneo kama Robertson au Stellenbosch, na ina hako kastika, imepita mikononi mwa watu walioikagua. Chupa inayosema "nyekundu tamu" na basi, haimaanishi ni mbaya, ila huna cha kushika.

Cha tatu ni mwaka. Watu wana imani kwamba waini kadiri inavyozeeka ndo inazidi kuwa nzuri. Hiyo ni kwa chupa chache za bei kubwa zilizotengenezwa kwa kusudi hilo na zikalala mahali pa baridi. Hizi zetu zinatengenezwa zinywewe mapema. Nyeupe ya bei nafuu ikipita miaka mitatu mimi naiacha kwenye rafu, nyekundu nawapa minne mitano. Cape, yaani kule Afrika Kusini, wanavuna mwanzoni mwa mwaka, kati ya Januari na Aprili hivi, kwa hiyo mwaka ulioandikwa ni wa mavuno hayo.

Sasa majina. Kwa baridi na kwa watu ambao hawajazoea, anza na Merlot, ni laini, haikwaruzi. Mkiwa na muchomo wa mbuzi tafuteni Pinotage, hiyo ni zabibu ya Afrika Kusini yenyewe, profesa mmoja anaitwa Abraham Perold aliipata Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuzalisha Pinot Noir na Cinsaut, na ile Cinsaut wakati huo kule waliiita Hermitage, ndo jina likatoka. Ina moshi moshi fulani, na nyama iliyochomwa kwa makaa inaipokea vizuri sana. Kama kuna luwombo (mchuzi unaopikwa ndani ya jani la mgomba) ya karanga au kuku, hapo msing'ang'anie nyekundu eti kwa sababu ni baridi, chukueni Chenin Blanc, ndo zabibu inayolimwa zaidi kule Afrika Kusini, zamani wakiiita Steen, na kwa sababu ni nyingi bei yake huwa ya kibinadamu. Karanga ni nzito, uchachu wa Chenin unaisafisha mdomoni, unakuwa tayari kwa tonge lingine.

Elfu 80 inawapa chupa mbili za kawaida kwa raha, na mbili kwa watu wanne zinatosha, maana chupa ya mililita 750 ni glasi tano za kiasi. Nunueni Merlot moja na Pinotage moja, alafu fanyeni hivi: mtu mmoja azifunge kwa magazeti mpaka shingoni, aandike 1 na 2, wengine wasijue ipi ni ipi. Mimina kidogo, theluthi ya glasi isizidi, ili harufu ipate nafasi. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe uone rangi, izungushe, ingiza pua kabisa, usione haya. Alafu kunywa kidogo uzungushe mdomoni kama mtu anayesukutua taratibu, umeze, usubiri. Kila mmoja aandike kwenye karatasi yake bila kuongea, sio maneno ya kitabuni, andika kinachokujia: jamu, ngozi, majani ya chai, moshi wa jikoni kwa bibi. Mkifungua magazeti mtashangaa nani alipenda nini, na kuanzia siku hiyo mnajua mnachonunua, hamtakisia tena.

Na ombi moja mwalimu, naomba ulichukulie kwa uzito. Usiku wa baridi Kabale watu wanaingiza sigiri ndani na kufunga madirisha. Moshi wa makaa una hewa yenye sumu isiyo na harufu, na mtu aliyekunywa glasi tatu hawezi kusikia kwamba kichwa kinazunguka kwa sababu gani. Kabla ya kulala sigiri itoke nje. Hata wakati mmekaa, dirisha moja libaki wazi kidogo.

Anti nilinunua waini ya drai nyekundu, mdomo ukakauka kama nimetafuna ndizi mbichi. Iliharibika au mimi ndo siwezi waini? – Msomaji, Mbarara

Haikuharibika mdogo wangu, na umeieleza vizuri kuliko weta wengi. Hicho kitu kinaitwa ukakasi. Kinatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, kitu kinaitwa tanini, kiko pia kwenye ndizi mbichi na kwenye chai kavu iliyosahauliwa jikoni ikachemka nusu saa. Tanini inashikana na mate yako, ndo maana ulimi unakuwa kama kitambaa.

Usichanganye ukakasi na uchungu, wala na uchachu. Uchachu unafanya mate yatoke, kama ndimu. Ukakasi unafanya mate yapotee. Ukijua tofauti hiyo peke yake umeshafika mbali.

Dawa yake ni rahisi. Ulikunywa bila kula, si ndio? Tanini ikikutana na mafuta na nyama inaacha mate yako inashikana na nyama, mdomo unalainika. Jaribu tena na nguruwe wa kukaanga au mbuzi, utadhani ni chupa nyingine. Kama unataka kunywa tupu bila chakula, basi acha Cabernet Sauvignon chukua Merlot, au chukua nyeupe.

Na kuna kipimo kimoja nataka ukijue kwa sababu kitakuokolea pesa. Kuna waini inanukia tamu lakini sukari haina, harufu ya tunda inamdanganya mtu. Ziba pua kwa vidole, kunywa kidogo, meza, pua bado imezibwa. Utamu ukibaki hapo ulimini, ni sukari kweli. Ukipotea, ilikuwa harufu tu na chupa yako ni drai.

Wanasema nyekundu inyweke bila kuwekwa friji. Mbona kwangu inanichoma kooni kama waragi? – Msomaji, Kampala

Huo usemi umetoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya ambazo ndani palikuwa nyuzi 16 mpaka 18. Chumba chako Kampala mchana ni 26 au 27. Waini ikiwa na joto hilo spiriti, ile pombe yenyewe, inaruka kwanza puani, tunda linajificha, unabaki na moto kooni. Weka nyekundu kwenye friji dakika 25, itoe, mimina. Nyeupe ikae saa mbili tatu.

Huko Kabale ni kinyume kabisa, chupa iliyolala kwenye kabati usiku inaweza kuwa imepoa kupita kiasi, na nyekundu ikiwa baridi sana ukakasi unakaza. Msiipeleke karibu na moto jamani, mimina kwenye glasi uishike kwa viganja viwili dakika kadhaa, itafunguka yenyewe.

Na hapa niseme kitu kinachoniuma. Waini nyingi ya bei nafuu tunayoilaumu ilikuwa nzuri ilipotoka kiwandani, ikaja kuuawa na joto. Imeshuka Mombasa, imepanda lori mpaka Malaba au Busia, imefika, alafu mtu anaipanga dirishani ipendeze. Mimi niliwahi kununua chupa sita za Chenin kwa duka moja hapa mjini, zilikuwa zimesimama kwenye rafu ambayo jua la saa nane linapiga moja kwa moja, sikufikiri, nilifurahia bei. Nne kati ya hizo zilikuwa na rangi ya chai na harufu ya matunda yaliyochemshwa mpaka yakachoka. Tangu siku hiyo sinunui chupa ya dirishani wala ya rafu ya juu kabisa chini ya taa. Namwomba kijana wa dukani aniletee ya stoo, au nachukua ya nyuma kwenye kivuli. Pitisha kidole shingoni pia, kama kunanata kama soda iliyomwagika, au kizibo kimesukumwa juu, chupa hiyo ilipata joto ikavuja. Nyeupe iliyogeuka kahawia, iache. Mwenye duka akikuuliza mbona unachagua sana mwambie Anti ndo kanituma.

Anti nimesikia wazungu wanachemsha waini wakati wa baridi. Ni kweli au ni utani? Inafanywaje? – Mama wa watoto watatu, Kisoro

Ni kweli dada. Ujerumani na nchi za jirani wanaiuza barabarani Desemba, watu wanashika vikombe kwa mikono miwili na theluji chini. Na sisi viungo vyote tunavyo, karafuu ya Zanzibar, mdalasini, tangawizi, asali yetu, kwa hiyo kwako Kisoro itakaa vizuri kuliko huku kwangu.

Tumia chupa moja ya nyekundu drai ya bei ya chini kabisa, hii ndo kazi yake, usiharibu nzuri. Isiwe yenye ukakasi mwingi maana tanini ikipata moto na viungo inakuwa kali. Usitumie zile sufuria zetu za aluminiamu, waini ina asidi inakula aluminiamu na utasikia ladha ya sarafu mdomoni, tafuta sufuria ya stili au ile ya enameli.

Weka kikombe kimoja cha maji, asali vijiko viwili vikubwa, kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu tano, sita mwisho, maana karafuu ikizidi ulimi unakufa ganzi, na kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba ukikiponda. Chungwa letu ganda ni la kijani lakini harufu iko, menya ganda jembamba sana bila ile nyeupe ya ndani kwa sababu nyeupe ni chungu. Chemsha dakika kumi, nyumba yote itanukia. Hapo ndo unamimina waini na kupunguza moto. Sasa simama hapo hapo usiende popote. Spiriti inachemka kwenye nyuzi 78, kabla ya maji, kwa hiyo ukiacha itokote sehemu ya spiriti inapaa na mvuke. Ukiona mvuke unapanda na vipovu vidogo vinaanza pembeni ya sufuria, epua. Onja, ongeza asali kama inahitaji, chuja kwenye vikombe vya chai.

Kitu kimoja cha kukumbuka, pombe inakufanya usikie joto kwa sababu inaleta damu kwenye ngozi, lakini hapo ndo mwili unapoteza joto lake kwa kasi. Usitoke nje na blauzi eti umepata moto, na anayerudi nyumbani usiku avae koti kwanza. Wa kuendesha boda asiguse hata kikombe.

Chupa ikishafunguliwa inakaa siku ngapi? Na waini ya boksi ni ya watu wasio na hadhi? – Msomaji, Jinja

Nyekundu siku tatu mpaka tano, nyeupe karibu hivyo hivyo, zote kwenye friji na kizibo kirudi, ndio, hata nyekundu. Hewa ndo inayoigeuza siki. Ikibaki nusu, hamishia kwenye chupa ndogo safi ya soda ya kioo ijae mpaka juu, utapata siku mbili zaidi.

Boksi sasa. Ndani kuna mfuko unaojikunja kadiri unavyomimina, hewa haiingii, ndo maana kwenye friji inakaa wiki nne mpaka sita baada ya kufunguliwa. Lita 3 ni chupa nne, lita 5 ni karibu chupa saba, piga hesabu mwenyewe dukani, gawanya bei kwa chupa uone. Kwa mtu anayekunywa glasi moja jioni na chakula, boksi ni akili kabisa. Kwa mtu ambaye anajijua hawezi kuacha bomba likiwa karibu, nunua chupa, nakwambia kwa upendo. Na kizibo cha kuzungusha pia sio alama ya ubaya, chupa yenye koki (kizibo cha gome la mti) ndo inaweza kukupa ile harufu ya boksi lililolowa maji, inatokana na koki yenyewe, na ukiipata rudisha dukani siku hiyo hiyo na chupa yako na risiti.

Ukiwa hapo dukani angalia pia stempu ya kodi ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, tangu Novemba 2019 waini inatakiwa iwe nayo. Isiyo nayo usiulize bei.

Jirani yangu huku mpakani ananiambia Dodoma wanatengeneza waini. Anti hiyo ni kweli? – Mfanyabiashara, Busia

Kweli tupu kaka. Dodoma ni kukavu na jua ni jingi, mizabibu wanavuna mara mbili kwa mwaka, kitu ambacho Cape hawakijui kwa sababu huko mzabibu unalala wakati wa baridi. Wana zabibu yao nyekundu inaitwa Makutupora, na kuna ile tamu yenye nguvu wanaita dompo, hiyo kwa usiku wa baridi glasi ndogo tu baada ya chakula. Ukipita Tanzania leta chupa moja ya drai na moja ya dompo uzionje pamoja. Alafu uniandikie umeonaje, nasubiri.

Asalaam aleikum Anti. Nyumbani kwangu pombe haiingii, lakini nina wageni mchanganyiko wikendi hii na Mbale jioni kuna baridi. Niwape nini ambacho hakitawafanya waone wamenyimwa? – Bi wa Mbale

Waaleikum salaam Bi. Tafuta choya iliyokaushwa, wengine wanaiita rosela, wengine karkade, sokoni ipo. Konzi mbili za choya kwenye lita moja ya maji pamoja na viungo vile vile nilivyompa mama wa Kisoro. Choya ina uchachu wake na ukakasi kidogo, na rangi ile nyekundu iliyokoza, ndo maana inasimama na nyama vizuri, juisi ya zabibu ya pakiti haiwezi, ni sukari tupu. Ila usiiache kwenye moto, chemsha maji na viungo kwanza, zima, ndo utumbukize choya dakika kumi, ikichemka sana inakuwa kali. Sukari weka kidogo kidogo huku unaonja.

Itoe kwenye glasi zako nzuri, zile unazoziweka kabatini. Kama glasi ni nyembamba weka kijiko ndani kabla ya kumimina ili kioo kisipasuke kwa moto.